Springi Mbele, Springi Nyuma, na Ndoo ya Maharage

Jumapili, jioni, Nyarugusu. Jua limepiga leo mpaka bati la nyumba likawa linalia kama kikaango. Mawingu yamepita juu yetu bila hata salamu, yakaenda kunyeshea watu wengine. Vumbi lipo mpaka kwenye meno. Lakini moyo wangu mwepesi, naandika huku natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota punje ya dhahabu njiani.

Leo sikununua baiskeli.

Najua, najua. Wiki tatu nzima nimewasumbua humu kwamba nitakuwa mtu wa kwanza Nyarugusu kumiliki baiskeli yenye springi mbele na nyuma. Niliweka hadi picha. Wanaonifahamu wanajua nikishasema kitu huwa sirudi nyuma. Leo nimerudi nyuma, tena kwa spidi.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni Maduhu. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, mashahidi wanapishana. Kazi yangu ni kupeleka chakula. Mama Kabula anapika sokoni, mimi nafunga ndoo zake kwenye keria ya baiskeli yangu nyeusi ya chuma, napeleka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, ili wachimbaji wapate kula kabla zamu ya mchana haijashuka. Wali, maharage, siku za neema nyama. Kwa pedeli hapa hakuna anayenifikia. Wapo wanaobisha, na wote nimewapita kwenye kilima cha makarasha, zile mashine za kusaga mawe, wakabaki wanasoma maandishi ya mgongoni kwenye fulana yangu.

Tatizo ni mchuzi.

Njia ya maduarani ni mawe na makorongo matupu, na baiskeli ya chuma haina huruma. Nikifika, mchuzi mwingine umebaki njiani, mwingine uko kwenye suruali yangu. Wachimbaji nao wana midomo. Juzi mmoja aliinamisha sahani yake, hakikutiririka kitu, akawaambia wenzake, "Maharage ya leo yamekuja kwa miguu, yana kiu." Nilicheka nao. Moyoni sikucheka.

Maana Alhamisi Mama Kabula aliniita pembeni. "Mwanangu Maduhu, kuna watu wa duara jipya wanataka chakula changu kuanzia Jumatatu. Wamesema wanataka mchuzi, siyo habari za mchuzi. Ukishindwa, ndoo zote nampa Shija."

Shija ana pikipiki. Shija pia ana tabia ya kucheka kabla hujamaliza kuongea.

Nikinyang'anywa zile ndoo, kazi inayobaki hapa kwa mtu kama mimi ni kushuka shimoni. Kaka yangu alishuka msimu mmoja tu, na mpaka leo hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa. Mimi huwa najisifia kila kitu, ila hapo sijisifii. Naogopa. Nimeandika.

Ndiyo maana jamaa mmoja anayeitwa Jumanne alinipata kirahisi. Jumanne anauza baiskeli za mtumba Nyasubi, kule Kahama. Hii alisema ilikuwa ya mzungu mmoja aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Leo asubuhi ikashushwa kutoka juu ya basi: nyekundu, matairi manene, breki za diski, shokapu mbele, na shokapu nyingine imelala katikati ya fremu, chini ya siti. Ukiikalia inabonyea, ukiinuka inakufuata. Watu sokoni waliacha kununua nyanya. Mimi tayari nilikuwa naona mchuzi umetulia ndani ya ndoo kama maji ya bwawani.

Masharti yake yalikuwa mepesi. Nimwachie nyeusi yangu, niongeze kile kidogo nilichokuwa nimeweka, na iwe leo, kwa sababu anarudi na basi la saa kumi.

Sasa tuje kwenye ukweli, kwa sababu ukurasa huu ni wangu na sina wa kumdanganya.

Mashaka nilikuwa nayo. Wiki tatu nimesoma mtandaoni, kile Kiingereza changu cha kidato cha pili nimekikamua mpaka kikatoa jasho. Wenye baiskeli hizi wanalalamika. Mkono wa nyuma unaoshika tairi una viungo, vile viungo vina beringi, na beringi zinakula mchanga. Shokapu nayo inataka kufunguliwa na kuhudumiwa kila baada ya muda, na fundi mwenye vifaa vyake. Kila lalamiko nililipa jibu. Mchanga? Nitafuta kila siku. Spea? Mwanza hazikosekani. Fundi? Mimi mwenyewe si mjinga. Nikaenda kwenye video, nikaona vijana wanaruka nazo kutoka kwenye miamba, nikasema basi, kama inavumilia mwamba itavumilia maharage. Sikujiuliza mbona hakuna hata mmoja wao aliyebeba ndoo.

Leo asubuhi niliishika siti, nikainua tairi la nyuma, nikatikisa. Ko, ko. Kitu kinacheza kwenye kiungo. Jumanne akasema, "Hizi ndivyo zilivyo, kaka, lazima ziwe na uhuru." Nikakubali. Mtu akishapenda anakubali hata uhuru wa nati.

Halafu nikachungulia ile shokapu ya katikati. Kwenye kile chuma chake cheupe kinachoingia na kutoka, kulikuwa na pete ya mafuta. Mbichi, inang'aa, na vumbi limeanza kuishika.

Nikaifuta.

Jumanne alikuwa anaongea na simu, hakuniona. Nilivuta pindo la shati, nikazungusha kidole, kikawa kisafi. Sikuwa namficha Jumanne, baiskeli ni yake. Nilikuwa namficha Mzee Masanja, fundi wa kona ya soko, ambaye nilijua nitapita kwake na nilijua atasema acha. Fikiria mtu anaiba mfukoni mwake mwenyewe, tena anaangalia huku na huku asionekane. Huyo alikuwa mimi, saa tatu asubuhi.

Mzee Masanja alikuwa ameshainamia ringi ya mtu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo ni baiskeli au panzi?"

Akaizunguka mara mbili. Akabonyeza siti. Akauliza swali moja ambalo mtandao mzima haukuniuliza kwa wiki tatu: "Keria itakaa wapi?"

Huku kwetu hatuulizi baiskeli inakimbia vipi, tunauliza inabeba nini. Mkaa, mpunga, mgonjwa, bibi harusi, vyote vinakaa pale nyuma. Jumanne akasema keria inachomelewa tu nikishainunua. Nami nikaitikia, eti ndiyo, inachomelewa tu. Mzee akasema ijaribiwe sasa hivi kabla hatujapeana mikono. Akaitoa keria ya nyeusi yangu, akaifunga kama anavyozifunga zote tangu sijazaliwa: miguu kwenye ekseli ya tairi la nyuma, kichwa kwenye bomba la siti, nati zikakazwa, na mipira ya tyubu juu yake. Tulikuwa wanaume watatu tunaangalia, na hakuna aliyeona kosa.

Nikasema basi ngoja nikachukue ndoo za mchana kwa Mama Kabula, nijaribu na mzigo wenyewe.

"Bebe Maduhu," mzee akaniambia Kisukuma chake cha kumwita mtu wewe akiwa hataki ubishi, "chakula cha watu hapana. Beba mawe."

Jirani yake kuna karasha, na pembeni yake magwangala, yale mawe ya mabaki, hayana mwenyewe. Tukapakia viroba viwili. Nikapanda.

Kwenye tambarare, jamani. Sijawahi kukaa kwenye godoro linalotembea. Niliachia mkono mmoja nikawapungia watu wa nyanya. Mmoja akaniita mheshimiwa. Nikaitika.

Halafu korongo la kwanza, lile dogo, ambalo kwa nyeusi yangu huwa silihesabu.

Tairi la nyuma likapanda juu, maana ndiyo kazi ya springi. Siti ikashuka kulifuata. Sasa keria yetu mguu wake uko kwenye tairi, kichwa chake kiko kwenye siti, na ni chuma kigumu hakijui habari za kubonyea. Haikuwa na pa kwenda. Ikakunjamana katikati kama mgongo wa paka, viroba vikanijia kiunoni, na ile shokapu ya kati ikasema psiii, ikanitemea mafuta kwenye soksi, ikalala. Nilingoja iamke. Haikuamka. Siti ilishuka mpaka magoti yakanifika kidevuni, na nilirudi sokoni nikiikokota, tairi linasugua keria, mheshimiwa anasindikizwa na kicheko cha wilaya nzima.

Jumanne hakucheka. "Umeivunja, ni yako."

Nikageuka. Nyeusi yangu ilikuwa imeegemezwa pale pale kwenye benchi la mzee, tayari iko upande wa Jumanne. Nikaona kesho ilivyo: mimi na panzi asiyeruka, ndoo zinaondoka nyuma ya Shija, na mlango wa kaka yangu ulio wazi.

Mzee Masanja akasema polepole, hata hakuinua macho kwenye ringi, "Ilikuwa inavuja kabla hajaipanda."

"Nani aliona?" Jumanne akauliza.

Mzee akaiweka ringi chini. Akaniangalia mimi. Watu wa nyanya wote wakaniangalia mimi.

Njia zilikuwa mbili. Nikae kimya nibaki mjanja mwenye baiskeli mbovu, au niseme nibaki mjinga mwenye baiskeli nzima. Nilichagua ujinga. Ujinga hautafuti spea.

"Mimi niliona," nikasema. "Mafuta yalikuwepo asubuhi, nikayafuta." Nikawaonyesha pindo la shati, na doa lake.

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mama mmoja muuza dagaa aliomba nirudie kusema, eti hakusikia vizuri. Nikarudia. Ajabu, mara ya pili haikuuma.

"Nilikuona kutoka hapa," mzee akaniambia. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Chakula nilikukataza kwa sababu hiyo."

Jumanne si mtu mbaya, niseme na hilo. Aliinama akaigusa ile shokapu, akanusa kidole, akashusha pumzi. "Mimi nauza tu, sijui ndani yake kuna nini." Akamuuliza mzee kama anaweza kuitengeneza. Mzee akaishika kama mtu anayeshika kitoto cha ndege. "Kuifungua nitaifungua. Kuifunga sitaweza. Hicho kipira cha ndani sijawahi kukiona, na sijui nani anacho." Fundi anayesema hivyo mbele ya watu, huyo mwamini.

Saa kumi panzi mwekundu alirudi juu ya basi. Jumanne alinipa mkono. "Ukipata mteja asiyebeba kitu, nipigie." Nikamwambia Nyarugusu mtu wa hivyo hajazaliwa.

Keria yangu mzee alikuwa ameshailaza juu ya jiwe kabla ya ndoo za mchana, akaigonga nyundo mara saba hivi, ikanyooka. Alimaliza kabla sijamaliza soda. Sihitaji mtandao kunieleza tofauti.

Kilichobaki kilikuwa Mama Kabula. Nilimweleza yote, hata la shati, kwa sababu ningechelewa kidogo muuza dagaa angenitangulia. Akacheka mpaka akakalia gunia la mchele.

"Kwani mimi nilikuambia ununue baiskeli? Nilikuambia mchuzi ufike. Hakuna korongo linalomwaga mchuzi wangu. Wewe ndiye unayeumwaga, ukishaona mtu mbele yako kilimani."

Nikaomba ndoo moja tupu, nikaondoka nayo.

Basi jioni hii nimefanya jaribio. Nimekata mpira mpana wa tyubu ya gari, nimeubana kwenye mfuniko wa ndoo ukazunguka wote. Nimejaza maji mpaka ukingoni. Nimepanda nyeusi, nimekwenda mpaka duara jipya kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti. Kilimani wamenipita watu wanne. Mmoja alikuwa babu wa kuni. Wa nne alikuwa Shija, akapiga honi ndefu, akageuka kunitazama usoni. Nilishika hendeli mpaka vidole vikauma.

Nilipofika, msimamizi wa duara, jamaa mmoja mkimya wa Bukombe, alifungua ndoo mwenyewe. Akatumbukiza kidole. Maji yalikuwa pale pale, karibu na ukingo.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

"Saa sita kasoro."

"Sawa," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Hakuna sifa, hakuna makofi. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi njia nzima.

Kwa hiyo nina baiskeli yangu, nina ndoo za Mama Kabula, na nina duara jipya. Kila kitu nilichokaribia kukitoa asubuhi, usingizi utanikuta ninacho.

Polepole ya siku moja nimeiweza. Nitaiweza kesho, maharage yakiwa ya kweli na Shija yuko nyuma yangu na honi yake?