Hotuba ya Kujifukuza Shule

Mama,

Shikamoo. Naandika nyuma ya daftari langu la Kiingereza, ndilo pekee lililobaki na kurasa nyeupe. Leo Jumapili. Nimetoka kanisani, nimefua sare, nimekaa hapa kibarazani kwetu Ifakara, na nyumba iko kimya kwa namna ambayo usingeipenda. Anje hayupo. Nitakwambia alipo mjukuu wako, lakini niache nianze mwanzo, maana tangu tukuzike mwezi wa tatu yametokea mengi na sijakueleza hata moja.

Shule sijaacha. Najua ndilo ungeuliza kwanza. Niko kidato cha nne bado, na mtihani wa taifa ni mwezi ujao. Lakini ilibaki kidogo nitolewe, na aliyetaka kunitoa ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Unakumbuka nilivyorudi. Nilikuwa nimekaa nyumbani zaidi ya mwaka kwa sababu ya ile mimba, ukasikia kwamba wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kuendelea na masomo. Ukanishika mkono mpaka ofisi ya mkuu wa shule, kanga yako ikinuka kambale wa kubanika. Tangu hapo, kila saa nne wakati wa mapumziko, uliacha meza yako ya samaki sokoni ukamleta Anje kwenye ua wa michongoma nyuma ya madarasa, nikamnyonyesha nimesimama. Wenzangu walicheka. Ukasema, "Kicheko kina njaa, mwanangu. Usipokilisha kitaondoka." Kweli kiliondoka.

Jioni nilipokuwa nasoma Kiingereza kwa sauti, uliyaokota maneno yangu ukawapa samaki wako juu ya makaa: "Ledizi endi jentomeni, geukeni upande wa pili." Hukujua maana yake, lakini ulijua kwamba nikicheka nasoma vizuri zaidi.

Ulipoondoka, Baba alikuja kutoka shambani Mofu, akakaa matanga, kisha akarudi kuamia ndege kwenye mpunga. Nikabaki na Anje. Asubuhi nilimwacha kwa jirani yetu, Mama Zuhura, yule muuza vitumbua. Mama Zuhura ana moyo mzuri, lakini mbele yake siku zote kuna kikaango cha mafuta ya moto, na Anje alikuwa ameshaanza kukimbia. Mwalimu akiandika ubaoni, mimi nilikuwa nasikia mafuta yale. Saa nne ikifika, miguu ilinipeleka yenyewe kwenye ua, nikasimama pale, hakuna mtu.

Mwezi wa sita Madamu Komba, mwalimu wetu wa Kiingereza, alisema kwamba kwenye mtihani huwa kuna swali la kuandika hotuba ya kuwashawishi watu, na asiyeweza kuisema hataweza kuiandika. Akakunja vikaratasi, akavitia kwenye bakuli, kila mmoja akachota mada yake na upande wake. Mimi nilichota hii: wasichana waliozaa wasirudishwe kwenye madarasa ya kawaida. Upande wa kuunga mkono.

Nilipoisoma kwa sauti, hata wale waliokuwa wakinicheka waliangalia madawati yao.

Madamu aliniita nje. Alisema taratibu, "Skola, nilizichanganya bila kufikiri, nisamehe. Ukitaka, chota nyingine." Nilitaka, Mama. Lakini nilijua nikirudi na karatasi nyingine watasema mama mtoto kaonewa huruma. Nikamwambia, "Hapana, Madamu, nitaisema hii." Hivyo mlango ulikuwa wazi nikaufunga mwenyewe.

Nilikuwa na wiki moja. Kilichonitisha ni kwamba sikuhangaika kutafuta hoja. Wenzangu waliniomba niwasaidie za kwao, za simu shuleni na adhabu ya viboko, lakini zangu zilikuwa zimekaa ndani yangu zikisubiri kuitwa. Mwenye mtoto anasinzia darasani. Mwenye mtoto hamalizi kazi za nyumbani. Maziwa yanamvujia katikati ya somo la hesabu, analoa, hasikii tena kinachosemwa. Akili yake imegawanyika, na nusu akili haifaulu. Nilichofanya ni kuzitafsiri kwa Kiingereza.

Na Kiingereza changu, kile kinachojikwaa kila mahali, siku ile hakikujikwaa hata mara moja. Nilisimama mbele nikawatazama usoni kama Madamu alivyotufundisha. Nilipomaliza walipiga makofi. Nilipewa alama za juu kuliko wote. Sikungoja kusifiwa, nilikwenda moja kwa moja kumchukua Anje.

Jumamosi Baba akaja kutoka Mofu kwa bodaboda, na gunia la mchele mpya. Nilimwamkia, akaitika, akakaa kwenye kigoda chako, akamweka Anje gotini. Kumbe njiani alikutana na baba wa mmoja wa wenzangu, akamsifia: binti yako amesimama mbele ya darasa akaeleza kwa Kiingereza kwa nini mwenye mtoto hafai shule.

"Nimesikia umesema mwenyewe," Baba akaniambia. "Basi funga vitu vyako. Nyumba ya Mofu haina mwanamke, mavuno yamenishinda peke yangu, na mtoto huyu anahangaika. Nilikuwa naogopa kukwambia. Sasa umenirahisishia."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa ukali ningejua pa kushika. Alisema kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nikamweleza kwamba yale yalikuwa mazoezi ya mtihani, kwamba nilipangiwa tu. Akasema, "Nisomee kwa Kiswahili." Nikasimama uani na daftari hili, nikaanza kutafsiri. Nilipofika kwenye maziwa yanayovuja nilinyamaza, maana hayo binti hamwambii baba yake. Akasema, "Maliza." Nikamaliza, macho chini.

"Hayo unayaamini?"

"Mengine ni kweli, Baba. Nasinzia. Lakini siamini kwamba niondoke."

"Mimi nimeamini," akasema. "Sikusoma, lakini umenishawishi. Haya, sasa nishawishi na upande wa pili."

Mama, hotuba nzima nilikuwa nayo ya kunifukuza, ya kunibakisha sikuwa na hata sentensi moja. Nilifungua mdomo nikalia. Nililia vibaya, mpaka Mama Zuhura akachungulia ukutani. Na kilichotoka mwishoni hakikuwa hoja. Nilisema, "Mama alikuwa anamleta saa nne."

"Anamleta nani?"

Ndipo nikagundua hukuwahi kumwambia. Yeye alikuwa Mofu na mashamba, wewe huku na samaki, na mliposimuliana habari ulimwambia tu kwamba watoto ni wazima. Nikamweleza kuhusu ua wa michongoma, na jinsi ulivyofunika meza yako kwa gunia na kumwomba jirani awafukuzie samaki wako nzi.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku. Hata kwenye mvua."

Alikula, akanawa, akakaa akiangalia barabara mpaka giza likaingia.

Asubuhi alikuwa ameamua. "Mama yako alimbeba mtoto ili usome. Na mimi nitambeba. Atakaa kwa shangazi yako Fidea, kulekule Mofu, mpaka umalize mtihani." Hakuniuliza, nami sikukataa. Ningekataaje? Alikuwa amenipa nilichokililia. Nilimfungia Anje nguo zake kwenye kanga yako ile ya samaki, akapakatwa juu ya bodaboda, akadhani ni mchezo. Alinipungia mkono mpaka kona.

Matiti yaliniuma wiki mbili, kisha yakanyamaza. Hilo ndilo sijamwambia mtu yeyote.

Nilikwenda Mofu likizo ya mwezi wa nane. Amenenepa, Mama. Anakula wali na perege, anasema maneno ya Kindamba ambayo mimi sikumfundisha. Aliponiona alijificha nyuma ya shangazi akashika gauni lake, akamwita mama. Shangazi aliona haya, akamsukuma kwangu: "Mama yako ni huyu." Mtoto akalia. Nilicheka ili shangazi asijisikie vibaya.

Sasa niko hapa. Sisinzii tena darasani. Kazi za nyumbani namaliza zote, Kiingereza napata alama ambazo sijawahi kuzipata, na kila alama inanionyesha kwamba yale niliyosema mbele ya darasa yalikuwa kweli. Nikifunga kitabu nipumzike, nasema, mtoto yuko mbali halafu wewe unapumzika. Nikikifungua, nasema, ndiyo maana anamwita mwingine mama. Kwenda siwezi, maana nitakuwa nimemwacha bure miezi yote hii. Kukaa ninakaa, lakini nakaa kama mtu aliyefungiwa kwenye chumba alichoomba mwenyewe.

Madamu Komba ameona. Juzi alinisimamisha, akasema niandike ile hotuba kwa upande wa pili, si kwa alama, kwa ajili yangu. Nimeianza mara tatu. Mara zote inakuwa habari zako, na Madamu alitufundisha kwamba hotuba yenye mtu mmoja tu ndani yake haishawishi. Labda anakosea. Baba ilimtosha.

Nimekukasirikia pia, nisikufiche. Ungemwambia Baba. Ungeniambia mimi kwamba presha inakusumbua, hiyohiyo iliyokuondoa, badala ya kusema ni joto la makaa. Sote humu ndani tumezoea kubeba mzigo bila kutoa sauti, na ona ulipotufikisha.

Nasikia watu wanatoka misa ya pili, lazima nipike. Pumzika, Mama. Sitakuahidi kufaulu, kwa sababu aliyewahi kukuahidi hivyo ni yule Skola wa kidato cha pili, na unajua mimba ilivyofuata. Nakuahidi jambo moja. Siku nitakayomaliza karatasi ya mwisho sitapita nyumbani wala sitabadilisha sare. Nitapanda gari la kwanza la Mofu. Akijificha nyuma ya shangazi sitamvuta. Nitakaa chini, hapohapo kwenye vumbi, nimsubiri mpaka atoke mwenyewe.

Mwanao,
Skola