Mwanamke wa Kwenye Gemu, Katoro

Shikamoo dada Kabula, hapa Katoro vumbi linaingia mpaka kwenye chai.

Leo nilifuatana na bosi dukani kununua karatasi za ofisi. Tukakuta wachimbaji wakicheza gemu ya ngumi kwenye televisheni. Wanaume wote wa kwenye gemu hiyo wamevaa makoti na buti. Mwanamke ni mmoja, yuko na chupi tu, na akipigwa analia kwa sauti ya mahaba. Mchimbaji mmoja akanigeukia: "Karani, na wewe vua tukuone!" Bosi akacheka.

Nikasema, "Mwanamke akitaka kupigana hujifunga kibwebwe, havui! Aliyemchora huyu hajawahi kupigwa na mwanamke."

Bosi hajanisemesha tena. Akinifukuza kazi, nitandikie karibu na wanao, maana radhi siombi.

Mdogo wako akupendaye,
Minza