Kamera Inasema Betri Imezeeka

Jumatatu, 7 Julai

Picha za pasipoti tano leo. Shuka la bluu mlangoni, kiti cha plastiki, inua kidevu kidogo mzee wangu, tayari. Nasra mgongoni, kalala kuanzia mteja wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanangu ana miezi minane na ana adabu ya kazi kuliko watu wazima.

Halafu kamera ikaanza vituko. Alama ya betri kwenye kioo, pembeni, nyekundu. Inawaka, inazima, inawaka. Nikadhani chaji imekwisha. Chaji imejaa! Nikaingia kwenye menyu nikasoma polepole, maana Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili. Kuna mstari wa umri wa betri. 0 ni mpya. 4 ni ya kubadilisha. Yangu 4.

Zimebaki siku kumi na tisa niende harusi ya Bombo, kule mlimani. Harusi ya kwanza mtu kunipa mimi, siyo kumshikia mpiga picha taa. Kwa nini sasa? Kwa nini isingojee hata Agosti?

Jumatano, 9 Julai

Kosa langu. Nilimwambia mama mkwe kwamba betri imezeeka.

Asubuhi nafungua kamera, tundu tupu. Nimetafuta chini ya kitanda, kwenye beseni la nguo za mtoto, kila mahali. Nimeikuta juu ya bati la jiko. Imeanikwa juani, katikati ya betri nne za redio, zimepangwa vizuri kama samaki.

"Usihangaike, Mama Nasra. Ikifika adhuhuri itakuwa imepata nguvu."

Za redio anazianika hivyo miaka yote, na redio inaimba kweli. Ningesema nini? Nimesema ahsante mama. Nikaingia ndani nikauma kanga.

Ilikuwa ya moto kama kiazi. Nimeiacha ipoe juu ya sahani, nikaomba Mungu, nikairudisha. Kamera ikawaka. Nilitaka kulia kwa furaha.

Bado 4. Bado nyekundu.

Jumamosi, 12 Julai

Baba Nasra karudi kutoka mkongeni, mikono imechanika kama kawaida. Nimemkanda kwa maji ya moto. Nimemweleza habari ya betri taratibu, nikitegemea neno la kunipa moyo.

"Mama Nasra, mashine yenyewe imekwambia imezeeka. Wewe unabishana na mashine?"

Anataka nirudishe kazi ya watu mapema, kabla sijaaibika. Ananihurumia, najua. Lakini huruma ya namna hii inakera kuliko matusi. Chai yake nimeiweka mezani kwa kishindo kidogo, aisikie.

Jumatatu, 14 Julai

Mama Naetwe amepiga simu. Ndiye mama wa bibi harusi. Sauti ya upole, ile ya mtu anayekuja kukunyima.

"Mwanangu, nasikia kamera yako mgonjwa."

Kasikia wapi? Kwenye mashine ya kusaga. Nani kasema kwenye mashine ya kusaga? Mama mkwe, nani mwingine! Ijumaa kaenda na debe la mahindi, karudi na unga, habari zangu zote kaziacha kule.

Amesema yuko mpiga picha wa Moshi, yuko tayari. Amesema hataki kuniondoa, ila ana jambo moja. Mama yake mzazi, bibi yake Naetwe, hatoki tena kitandani. Harusi ikitoka kanisani itapita nyumbani kwake apige picha na mjukuu. Familia haina picha yake hata moja. Hata moja! Picha hiyo haina kurudia, amesema. Nimpe jibu la kweli ifikapo Jumanne ya wiki ijayo.

Kumi na nne leo. Siku nane. Nasra ana mafua. Nimechoka.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda Mwanga. Duka la vifaa vya simu, karibu na stendi. Betri ndani ya kiboksi, karatasi ya kung'aa, haijafunguliwa. Muuzaji kaitia kwenye kamera mbele yangu. Menyu, umri wa betri: 0. Nyekundu imekwisha. Nilicheka peke yangu, muuzaji akacheka pia bila kujua tunacheka nini.

Kesho namjibu Mama Naetwe. Nasra leo kanyonya vizuri. Mambo yananyooka.

Alhamisi, 17 Julai

Afadhali sikupiga simu asubuhi.

Wanafunzi ishirini na wawili, kidato cha nne, pasipoti za mtihani. Mwalimu kawapanga foleni hadi kwenye choo cha jirani. Nimeanza na betri mpya. Wa tisa, kamera kimya. Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nawasha, inazima. Namba bado 0, mpya, safi, haina hatia! Wasichana wakaanza. "Da'Mama Nasra, tuvue sare tukalale?" Mwalimu anaangalia saa.

Kwa hasira nikarudisha ile mzee. Nyekundu ikawaka. Ikapiga wote waliobaki, kumi na wanne, na mwalimu juu yake. Halafu mwalimu mwenyewe alikunja uso, ikabidi arudie mara tatu. Nayo ikapiga.

Sasa nimwamini nani? Mpya inakufa. Mzee inafanya kazi. Kamera inasema kinyume chake, tena kwa uso mkavu. Ningekuwa na nguvu ningeitupa bondeni. Usiku uliopita nililala na furaha ya bure. Hilo ndilo linaniuma.

Jumamosi, 19 Julai

Lembeni, kwa Fundi Eliamini. Anatengeneza redio na televisheni, chumba chote waya. Mzee wa taratibu. Nimemwamkia, kaitika marahaba, kamchukua Nasra kampa bisibisi ya plastiki achezee, ndipo kaangalia kamera.

Kaniuliza: unaichaji mara ngapi kwa siku?

Nikamwambia ukweli. Umeme ukirudi tu, nachomeka. Nimepiga picha kumi, nachomeka. Sijapiga hata moja, nachomeka, kwa sababu sijui utakatika saa ngapi. Nani hafanyi hivyo Same? Mtaa mzima umeme ukirudi tunakimbia na chaja mkononi kama tunazima moto.

Akatikisa kichwa. Kasema kamera hii haipimi nguvu. Inahesabu. Kila ukichomeka, yenyewe inaiandikia betri hiyo mara moja zaidi. Zikifika idadi yake inasema mzee. Hiyo namba ni kama daftari la mahudhurio, kasema. Linakwambia mtoto kaja shule mara ngapi, halikwambii anajua nini.

Na ile mpya? Kaipima uzito kwenye kiganja, kacheka. Nyepesi. Ganda zuri, ndani hamna kitu. Haijawahi kuchajiwa mara nyingi, ndiyo maana inaitwa mpya. Basi.

Yaani mwaka mzima nimekuwa nikiizeesha betri yangu kwa karatasi tu, kwa woga wa umeme. Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani.

Nilipomuuliza itanitosha harusi nzima, kasema hawezi kuapa. Nikapime mwenyewe.

Jumatatu, 21 Julai

Nimepima.

Chaji imejaa asubuhi. Nikapiga hadi ife. Nimepiga kuku, sufuria, ukuta, Nasra akicheka, Nasra akilia, Nasra akila kanga, miguu ya mama mkwe, mlima kutoka mlangoni. Kamera yenyewe inahesabu picha lakini mama mkwe kakataa hesabu yake.

"Kama imedanganya umri, itashindwa kudanganya idadi?"

Kwa hiyo tumehesabu kwa maharage. Picha moja, harage moja, kutoka ungo kwenda bakuli. Yeye ndiye mwenye maharage. Kakaa kwenye mkeka, miwani puani, hasemi na mtu. Jirani kaja kuomba chumvi kafukuzwa. Tulipofika mia mbili na kitu Nasra katia mkono kwenye bakuli, kamwaga yote. Nilipiga kelele hadi mtoto akashtuka akalia. Nimejuta. Nimembembeleza, nimemnyonyesha pale pale chini, na mama mkwe taratibu anaokota harage moja moja chini ya kabati akihesabu upya.

Mia nne kumi na nane. Ndipo ikazima. Nyekundu imewaka tangu picha ya kwanza.

Mama mkwe kavua miwani. "Hata mimi zahanati wameandika goti limezeeka. Na nani alibeba debe kwenda mashineni?"

Jioni tumepika makande kwa yale maharage.

Jumanne, 22 Julai

Nimempigia Mama Naetwe. Sikutaka kumdanganya. Nimemwambia: kamera inasema betri ni mzee, na itaendelea kusema hivyo mbele ya macho yenu. Mimi nimeipima, inatosha. Nyingine ninayo, inajiita mpya, siitegemei. Kama anataka wa Moshi, simlaumu.

Nikasikia kuku wake kwenye simu.

Kauliza nimepima vipi. Nikamwambia habari ya maharage. Akacheka sana, akamwita mtu amsimulie. Halafu kasema nije. Na mama mkwe wangu aje, amshike mtoto.

Sijui kama ni imani au ni yale maharage.

Ijumaa, 25 Julai

Bombo. Baridi inakata masikio. Ukungu umeshuka hadi mlangoni, migomba haionekani. Nasra kavaa soksi mbili mbili. Mama mkwe kakutana na watu wa kwao, ni Chasu, lugha yao, tangu tuliposhuka kwenye gari, mimi nimesahaulika.

Nimechaji mara moja tu, jana. Leo umeme upo hapa na mkono unaniwasha nichomeke. Sijachomeka. Nimejizuia kama mtu aliyeacha sukari.

Nimekata kipande cha plasta ya kidonda, nimekibandika kwenye kona ya kioo, juu ya ile alama. Iwake huko chini peke yake.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika kwa ufupi. Miguu imekufa.

Kanisani nilianza na ile ya Mwanga, niitunze nyingine. Ikafa kabla ya pete. Kabla ya pete! Nimebadilisha haraka, mchungaji katulia kanisubiri, watu wote wananiangalia. Nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka benchi la nyuma, kubwa, bila aibu: "Tia ile ya maharage!" Kanisa zima likacheka, na Naetwe akacheka, na hiyo ndiyo picha ya kwanza ya betri yangu. Bibi harusi anacheka mdomo wazi.

Halafu nyumbani kwa bibi. Chumba kidogo, dirisha moja. Wamemvika blanketi jipya. Alidhani mimi ni daktari, kanipa mkono nimpime. Naetwe kapiga magoti na gauni lake lote kwenye udongo. Bibi hakuangalia kamera hata kidogo. Alikuwa anaishika shela, anaipima nguo kwa vidole kama mtu anayetaka kununua. Nimepiga nyingi. Sijahesabu.

Mama Naetwe alisimama mlangoni. Alisema tu, "Imekubali?" Nikasema imekubali mama.

Keki, mablanketi ya wajomba, kanga za mashangazi, dansi. Hadi mwisho.

Jumatatu, 28 Julai

Same. Joto letu. Pasipoti mbili tu, mzee mmoja na mwanawe.

Nimeangalia picha za bibi kwenye kamera. Kuna moja. Nitaitoa kubwa.

Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa nane. Nikasikia mtaa mzima unakimbilia chaja. Nimeinuka. Nikakaa tena. Mama mkwe kaniona, kacheka puani, kaendelea kuchambua mboga.

Nasra kakaa kwenye mkeka na kamera mapajani. Kwa kucha zake ndogo kaichokonoa ile plasta mpaka ikabanduka, kaitia mdomoni. Nimeitoa. Nyekundu inawaka, inazima. Akaigusa kwa kidole, akanitazama, akaigusa tena.

Nimemwacha aichezee.