Wageni wa Mama

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Mkwe wangu hajambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri.

Usishangae kuona barua. Simu nimeizima, nimeitia kwenye debe la unga. Miaka thelathini na mmoja nimekaa masjala nikigonga mihuri kwenye mafaili ya watu, na sikuwahi kuandika sentensi yangu mwenyewe. Sasa naandika.

Nyumba hutaitambua. Yale makochi ya baba yako, Mungu amrehemu, yenye vitambaa ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvikunja, nimewapa manesi wa zahanati. Milango ya ndani nimeing'oa yote. Tunalala kwenye magodoro sakafuni, tunakula tukisikia njaa, si saa ikigonga. Ukuta wa sebuleni umekuwa wa kijani, na kazi bado inaendelea.

Nimesema "tunalala" kwa sababu siko peke yangu. Wa kwanza kuja alikuwa Mchoraji, mwanamke wa makamo mwenye rangi kwenye kucha. Asubuhi moja nilimkuta sebuleni anapaka ukuta. Sikumwuliza kitu, nilimwona kama mtu niliyemngoja, akachelewa tu. Akaja Mpiga Gitaa, akaja Mshairi anayeandika kwa mkaa juu ya meko. Sasa ni saba. Hakuna bosi, hakuna zamu, vyombo anaosha anayejisikia. Mwanangu, mwezi mmoja huu uliopita nimecheka kuliko miaka yote.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, mkweo anakusalimu sana. Kazi ya duka la dawa ni ile ile, miguu inawaka moto ikifika saa kumi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwa makochi nimecheka, maana nilichapwa kwa ajili ya vile vitambaa. Rangi sawa, magodoro sawa. Ungetaka hata kulala juu ya paa ningekuletea mto. Ila Mama, watu saba! Wametoka wapi? Mtu unamkutaje sebuleni kwako bila kumfungulia? Huwaulizi hata majina?

Nimemwomba Mjomba apite kukuona. Usinune.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama wote.

Kaka yangu alikuja Jumamosi, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alikaa mkekani saa nzima, goti lake linagusana na la Mpiga Gitaa, na hakumsalimu! Mshairi alimkaribisha mara mbili, kimya. Tulipoimba, yeye akawa ananiuliza bei ya mabati. Alipoondoka tulicheka mpaka Mchoraji akamwaga rangi. Mwambie mjomba wako adabu haizeeki.

Majina siwaulizi, na wao hawaulizi langu. Nyumba nzima inaniita "wewe", na mwanangu, neno hilo tamu.

Mama

25 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumaini goti limetulia. Mimi silali vizuri.

Mjomba amenipigia. Anasema hakukuwa na mtu. Ulikuwa peke yako mkekani, ukigeuka huku na kule, ukicheka, ukinyamaza kama unayemsikiliza mtu. Nilitaka kumwambia ni upweke tu, tangu Baba aondoke. Lakini akaniambia habari ya ukuta. Umechorwa mpaka chini ya dari, anasema, nyuso na ndege, na rangi ya juu ilikuwa bado mbichi. Ngazi hakuna. Kiti kirefu hakuna. Mama, wewe hata kitanda ulikuwa unapandia stuli.

Na akaniambia jingine, kwa sauti ndogo. Alipogeuka kukuaga hakukuona, akadhani umeingia jikoni. Kumbe ulikuwa palepale. Ilibidi akutafute kwa macho.

Nimeomba likizo. Tafadhali nisubiri.

Mwanao

2 Juni

Shikamoo Mama, popote ulipo.

Simu yako imezimwa, na polisi wameniambia nisubiri, kwa hiyo naandika. Barua hii naiacha jikoni.

Nilifika Alhamisi mchana. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa tu, birika lilikuwa la moto. Nikaita, nikapita chumba hadi chumba. Nyumba isiyo na milango haina hata pa kujificha. Viatu vyako vyote vipo, miwani ipo, dawa za presha zipo. Jirani mwenye cherehani hajakuona kwa wiki tatu, ila kila alasiri anasikia gitaa na watu wanaimba, na sauti yako ndani yake. "Nilijua mama ana wageni wake," ameniambia, "nikasema nisiwasumbue."

Mimi sijasikia kitu. Lakini kila nikitoka kwenda kituo cha polisi, nikirudi nakuta rangi imeongezeka. Jana nimejikuta mwenyewe ukutani, nimesimama, nimekunja mikono, nimevaa gauni la maua. Gauni hilo nilikuwa bado sijalitoa kwenye begi.

Naogopa, Mama. Lakini nisikufiche, hasira ni kubwa kuliko hofu. Utoto wangu wote humu ndani ulikuwa "kaa sawa", "usiguse", "baba yako amelala". Sikuwahi kukusikia ukiimba hata siku moja. Hawa nisiowajua ni watu gani, unawaimbia kila siku. Mimi nilikosa nini?

Mwanao

3 Juni

Marahaba mwanangu, na pole kwa safari.

Hukukosa kitu. Baba yako hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Alikuwa anashusha pumzi tu, na pumzi ile ilitosha kunyamazisha nyumba. Nilinyamaza kwanza kwa ajili yake, halafu nikazoea. Wewe ulizaliwa nikiwa nimeshazoea. Nisamehe.

Niko hapa. Tangu Alhamisi uko katikati yetu. Ulinipita ukumbini ukiniita, bega lako likagusa langu, ukajikuna. Nikaitika mpaka koo likakauka. Sijui ilianza lini. Siku moja nilikwenda dukani, muuzaji akawa anatazama rafu nyuma yangu, nikarudi bila sukari. Sikuumwa popote. Sikufa, kama ndilo unaloogopa kuuliza. Au kama huku ndiko kufa, basi hakuna aliyeniambia.

Mchoraji anasema kuna nafasi yako. Vua saa, vua viatu, kaa nasi mkekani alasiri tatu, usitazame mlangoni. Mimi sikuombi. Nakuambia tu kwamba huku kuna furaha, na kwamba nimekukumbuka.

Mama

22 Juni

Shikamoo Mama,

Nimefika nyumbani salama, mkweo hajambo. Barua hii naituma kwa anwani ya nyumba, nikiamini utaikuta.

Sijui upande wenu mliona nini, kwa hiyo nikueleze wa kwangu. Nilikaa. Alasiri ya kwanza nilisikia miguu yangu tu ikifa ganzi. Ya pili nilisikia gitaa, kwa mbali, kama liko nyumba ya tatu. Ya tatu niliwasikia wote, mpaka Mshairi anavyokohoa kabla ya kusema. Nikatazama mkono wangu juu ya mkeka, nikaona mistari ya ukindu kupitia kiganja. Sikushtuka. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikushtuka.

Ndipo ukaanza kuimba. Wimbo wa kumlaza mtoto, ukaniita humo ndani kwa jina la utotoni. Nina miaka arobaini na moja, Mama, na nililia kama niliyeachishwa ziwa jana. Mwanamke mmoja akasema karibu na sikio langu, "Bado kidogo tu."

Nikamkumbuka mkweo. Nikiwa safarini huwa hazimi taa ya barazani, hata mchana, anasema ni uvivu. Nikainuka. Nilisikia wakianza kuniita wote kwa pamoja, na wewe ukapandisha sauti. Uliimba juu ya sauti zao, kwa nguvu, mpaka sikuweza kusikia wanasema nini. Nikashika begi langu, nikavaa viatu nje.

Polisi wameandika kwamba hujulikani ulipo. Mjomba anataka kupaka chokaa na kupangisha. Nimemwambia akigusa ukuta ule tutavunja undugu. Barua yako sijapata tena, wala sikulaumu.

Mlango sikuufunga kwa ufunguo. Nilikusikia mpaka kituo cha basi, Mama, na unajua kilivyo mbali.

Mwanao