Watu Wasio na Jiwe

Jumanne usiku

Leo nimesema. Mimi, ambaye mama ananiitaga bubu wa Small Heath, mtaa wetu huku ugenini.

Kazi yetu ni kukata nyasi kwenye makaburi ya zamani. Juu kuna matajiri na malaika wao wa mawe. Chini ni nyasi tu, lakini bosi mwenyewe alituonyesha siku ya kwanza: pale walizikwa maskini waliokufa na ndui na kifua, wengi shimo moja, bila jiwe.

Na hapo ndipo wenzangu wanapokaa kula chipsi. Kwetu mtu hakalii kaburi, kwa hiyo nakula nimesimama.

Leo bosi akaniuliza, "Kaa basi, au una jipu matakoni?" Wakacheka.

Bado niko kwenye majaribio, na nilijua naweza kufukuzwa. Nikasema tu, "Bosi, kuna watu hapo chini. Tunawakalia."

Akaangalia nyasi. Akainuka na chipsi zake. "Haya, sogeeni."

Tumekula wote kando ya ukuta, kwenye upepo, na hakuna aliyelalamika. Nimerudi nyumbani kichwa juu.

Mdogo wangu Furaha tulimzika kwenye kambi ya wakimbizi kabla ya kuja huku, bila jiwe. Labda na huko kuna kijana anakula amesimama.