Naivasha Tutakwenda na Nini

Jumapili, 2 Novemba 2025

Mwanangu Luqman amepiga simu kutoka Nairobi baada ya adhuhuri. Amekodi nyumba Naivasha, karibu na ziwa, wiki nzima, mwanzo wa Desemba. Anataka familia yote. Yeye atatoka huko huko Nairobi, sisi tutoke huku Msambweni — mimi, baba yake, dada yake Yusra na mwanawe Yusra, Twaiba. Likizo! Sisi! Neno hilo tumelisikia miaka yote vinywani mwa wageni wa mahoteli ya Diani, leo limebisha hodi kwetu.

Anataka tupande ndege hapo Ukunda. Saa moja tu, asema, tuko Nairobi, atatupokea uwanjani.

Baba Luqman alikuwa kando yangu akisikiliza. Akaichukua simu mkononi mwangu, taratibu. Akasema mtu haendi likizo kama kifurushi, akatupwa huku akaokotwa kule. Mtu huenda na barabara. Amewabeba Wazungu na watoto wao kwenye njia ile tangu ana nywele nyeusi, akiwaonyesha ndovu, akiwanunulia ndizi Voi. Watoto wake mwenyewe hajawabeba hata siku moja, maana kila likizo ya shule yeye alikuwa kazini. Basi safari hii atawabeba watu wake, kwa gari lake la Noah, na kwa mikono yake.

Luqman akasema, mama aamue.

Nikampigia Yusra Ukunda. Na yeye: mama aamue.

Jumatano, 5 Novemba

Nimechambua mchicha leo hadi ukabaki vijiti, mawazo yako Voi.

Kweli watoto hajawabeba. Lakini mimi alinibeba, mara moja. Mwaka themanini na sita, sijamaliza hata miezi miwili ya ndoa, hina bado iko miguuni. Kampuni yake ya watalii ilimtuma Nairobi na gari tupu akawachukue wageni. Akamwomba bosi wake ruhusa, akaja kunichukua kwa mama. Mama akafunga samaki wa kukaanga na mikate ya mofa kama kwamba tunakwenda Makka.

Gari zima langu! Nilikaa kiti hiki, nikahamia kile, safu kwa safu, tangu Mariakani mpaka Maungu. Akanitazama kwenye kioo, akaniuliza kwa sauti ile ya kazini, bibie, kiti gani kimekupendeza? Nikamwambia cha mbele. Akasimamisha gari katikati ya nyika, akashuka, akazunguka, akanifungulia mlango kama nilivyoona wakifunguliwa wake za mabalozi. Hapakuwa na mtu wa kutuona. Mbuzi tu.

Sikuwa nimevuka Mombasa maisha yangu yote. Pale Taru hewa ikageuka, midomo ikakauka. Baadaye nikaona ndovu wekundu, nikauliza nani kawapaka rangi. Alicheka mpaka akapunguza mwendo. Hakunicheka mimi — nakumbuka vizuri — alicheka kwa raha ya kuwa na mtu wa kumweleza. Ni udongo, akasema, hujipaka wenyewe.

Watoto wakaja, nami nikaanza kufundisha, na gari halikuwa tupu tena.

Kweli ni hii, na nitaiandika hapa tu: barabara ile naitaka mimi kuliko yeye.

Ijumaa, 7 Novemba

Baba Luqman amerudi kutoka msikitini, nimemwekea chai. Akaimimina kando ya kikombe. Si kidogo. Ikatambaa kwenye kitambaa cha meza, naye bado anamimina. Akasema birika limeharibika mdomo.

Birika ni zima.

Alasiri akaitoa Noah kwenda kuipima upepo wa magurudumu. Akarudi nyuma, akabomoa banda la kuku la jirani yetu Matano, upande wa kushoto wote. Kuku mmoja amekufa. Matano ni mtu mwema, amesema mbao zenyewe zilikuwa zimeoza. Baba Luqman akasema jua lilimpiga machoni.

Palikuwa na wingu.

Jumatatu, 10 Novemba

Yusra amekuja na Twaiba. Yusra yuko mapokezi kwenye hoteli Diani, likizo yake ni ya kuhesabu, hataki siku ziliwe na lami. Tena Twaiba hutapika ndani ya gari, hata kufika hapa kutoka Ukunda ametapika Gazi. Kwa hiyo ndege. Twaiba naye ndege, ndege, ndege. Ameikunja ya karatasi, imeruka mpaka kwenye sufuria ya mbaazi.

Baba Luqman hakubishana. Alikuwa nje anaiosha Noah. Nimemtazama dirishani. Ameosha mlango wa dereva mara mbili, ule wa upande wa pili ameupitia juu juu, povu limekauka hapo. Na mtu huyu nilimjua alivyokuwa! Gari lake lilikuwa linang'aa mpaka ndani ya vishikio.

Yusra aliona povu. Akasema, baba siku hizi amekuwa mvivu. Akacheka.

Nami nikacheka. Ningefanyaje?

Nikisema gari, nimewatia wanangu mikononi mwa mtu asiyeona. Nikisema ndege, nimemwambia mume wangu mbele za watoto kuwa amekwisha. Na moyo wangu nao umeshafika Voi kitambo.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua kutwa. Ametandika ramani ya zamani ya barabara mezani, anapapasa kwa kidole. Hasomi. Anaifuata tu.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemdanganya. Nimesema miwani yangu imekwisha nguvu, anisindikize kliniki ya macho. Tulipofika nikamwambia daktari, mpime na mzee, maadamu tupo.

Daktari ni dada wa bara, jina lake Lenah, mpole. Amempima muda mrefu. Alipomaliza akavuta kiti karibu, akamwambia:

"Mzee, hii ni presha ya macho. Imekuwa hapo kitambo, inakula polepole bila maumivu. La kushoto limeshaenda. La kulia unaona kama mtu anachungulia kwa paipu. Tutakupa matone tulinde hilo lililobaki. Lakini kuendesha gari, mzee wangu, hapana."

Baba Luqman akamshukuru. Akauliza matone ni mara ngapi kwa siku. Akamwombea dua, Mungu amlipe. Adabu zote! Kisha akasimama, akagonga bega kwenye fremu ya mlango.

Tulirudi kwa tuktuk. Tulishuka njia panda, tukatembea. Mbele ya nyumba ya Matano, banda jipya la kuku linapigwa misumari, akasimama.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu chai."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na akaiona ni ya haki. "Watoto wasijue, Mwanapili. Si sasa. Waache wanione mimi ni yule yule, mpaka turudi kutoka Naivasha. Baada ya hapo nitawaambia mwenyewe."

Haniiti Mwanapili. Ananiita Mama Luqman tangu huyo Luqman azaliwe.

Nikasema, vyema.

Jumapili, 16 Novemba

Matone asubuhi, matone jioni. Analala chali kama mtoto nikimwambia geuka. Noah haijaguswa.

Jumatatu, 17 Novemba

Luqman amepiga, anataka jibu, nauli zinapanda. Baba yake alikuwa barazani, mlango wazi.

Nikavuta pumzi. Nikasema tutakuja kwa ndege. Luqman akauliza, na baba? Nikasema baba yako hana neno, mimi ndiye ninayetaka. Nikasema tangu msichana natazama ndege zikishuka Ukunda, sijapanda hata moja, na sitaki kufa kabla sijapanda. Nikasema barabara hainivutii, ni vumbi na malori tu, na miguu yangu huvimba. Maneno yakaja yenyewe! Luqman alifurahi mpaka nikaona haya. Akasema, mama, mbona hukusema siku zote?

Nimekata simu. Nilipotoka barazani na kahawa akaipokea kwa mikono miwili, aishike barabara.

"Wewe hutaki ndege," akasema.

Nikasema kahawa itapoa.

Nililia jikoni kidogo. Si kwa ajili ya macho yake, nasema kweli. Niliililia safari. Nina miaka sitini na minne na nimelia kama aliyenyimwa kwenda mahali na wenzake.

Jumatano, 19 Novemba

Luqman bado hajanunua tiketi, anangoja namba za vitambulisho. Nimesahau kumtumia. Nimesahau jana, nimesahau leo.

Jumanne, 25 Novemba

Leo Baba Luqman ameomba simu. Akampigia Yusra mwenyewe, kisha Luqman, nami nimeketi pale pale, sikujua atasema nini.

Amesema hivi. Mgongo unamsumbua — mgongo wa udereva, umri umefika — kwa hiyo hataendesha. Yusra ataendesha, Yusra anajua gari kuliko vijana wengi, na siku zake za likizo atamwombea nyongeza kwa mkubwa wake ikibidi. Yeye atakaa kando yake amwonyeshe njia. Tutapitia Dongo Kundu, hakuna haja ya kungoja feri, tutalala Mtito Andei, mwendo wa likizo haukimbizwi. Halafu wakati wa kurudi tupande ndege, Luqman atafute mtu wa kuirudisha Noah.

"Mama yenu anaitaka ndege sana," akasema. "Msimnyime. Arudi nayo."

Akanigeuzia uso. Sijui aliniona au hakuniona, lakini alikuwa anatabasamu.

Yusra alisitasita, kwa ajili ya Twaiba na kutapika kwake. Babu yake akasema atamkatia ndimu, anuse njia nzima. Yusra akakubali. Nilimsikia Yusra akisema kwamba kwa kweli, kusema kweli, na yeye siku nyingi alitamani.

Mgongo! Mgongo wake ni mzima kama mvule.

Jumamosi, 6 Desemba — Mtito Andei

Tumefika, alhamdulillahi. Nyumba ya wageni safi, Yusra amelala na viatu.

Siku hii nisiisahau. Twaiba ametapika mara moja tu, Samburu, kisha akapona. Babu yake ameketi mbele, mikono juu ya magoti, anasema na Yusra kila hatua. Sasa kuna mteremko, shika upande wako. Sasa subiri lori lipite, usishindane nalo. Yusra mwanzo alinuna kidogo, baadaye akaanza kumuuliza mwenyewe. Baba, hapa ndipo ulipolala mvua ilipokata njia? Ndipo. Baba, wale Wazungu walioogopa kushuka walikuwa wapi? Hapa hapa, mwanangu. Hadithi ambazo hatukuwahi kuzisikia nyumbani, maana nyumbani alikuja kulala.

Mimi nilikuwa safu ya nyuma. Nilihama kiti mara moja, tulipopita Maungu. Hakuna aliyejua kwa nini. Yeye alisikia. Akasema bila kugeuka, bibie, hicho kimekupendeza?

Barabara si ile. Reli mpya juu ya nguzo, malori kama nyumba, vibanda kila mahali. Udongo ni ule ule.

Jioni amepapasa kitasa cha mlango mpaka nikamwekea mkono juu yake. Yusra alikuwa anatazama. Akauliza, baba, mgongo? Akajibu, mgongo.

Jumapili, 7 Desemba — njiani, tumepita Emali

Naandika ndani ya gari, limesimama kando ya njia. Mwandiko mbaya.

Tumetoka mapema, yeye ndiye aliyetaka. Tangu Kibwezi alikuwa anahesabu kitu kichwani mwake. Tulipotoka Emali akasema, Yusra, mbele kidogo kuna pa kuegesha, weka gari. Akashuka. Akamshika Twaiba bega, akamgeuza upande wa kushoto wa njia, nyasi tupu mpaka macho yanapochoka. Akainua mkono.

Namsikia kutoka hapa. Anamwambia kwamba ule pale ni Kilimanjaro. Uko Tanzania, lakini asubuhi kama hii huwatembelea na Wakenya. Atazame kofia yake nyeupe. Atazame bega lake lile la pili, lenye meno. Wageni wengi wamekwenda na kurudi kwao wasiuone, na yeye ameuona mara ya kwanza tu, ana bahati kama nyanya yake.

Mara yangu ya kwanza ulikuwa umetoka wote. Alisimama hapa hapa, mkono juu hivyo hivyo.

Leo ni mawingu. Mawingu mazito, ya kijivu, yamekaa mpaka chini kwenye nyasi. Hakuna mlima.

Twaiba ametazama, ametazama tena. Mtoto huyu ana adabu, hakumbishia. Amekuja mbio mpaka mlangoni kwangu, ameweka kidevu dirishani.

"Nyanya," ananinong'oneza, "babu anauona mlima. Mbona mimi naona mawingu?"

Yusra ametoka nyuma ya usukani. Hatazami kule. Anamtazama baba yake — uso wake, halafu ule mkono, halafu uso. Sasa amegeuka. Ananitazama mimi.

"Mwanapili!" anaita, bado ameipa mgongo barabara, mkono haujashuka. "Njoo uutazame. Leo umetoka wote."

Nafungua mlango —