Nukta Zilizosimama Wima

Kwako Kaka mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, nikiomba barua hii ikukute na nguvu zako zote. Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku hatujambo. Mpwa wako ameota jino la nne, sasa ananing'ata halafu anacheka, mtundu kama mjomba wake.

Kaka, nina habari. Kazi yangu kiwandani unaijua: nafunga kamba kwenye mashine, inavutwa mpaka ikatike, naandika daftarini imekatika kwa kilo ngapi. Kamba thelathini kwa kila mzigo, kabla haujatoka ghalani. Basi amekuja mpimaji mpya, mama mmoja tunamwita Miwani kwa sababu ana mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Akaniketisha mbele ya kompyuta, mimi niliyeishia darasa la saba! Nikamwambia nitaua mali ya watu. Akacheka, akasema kompyuta haifi kwa kuguswa, labda niimwagie chai.

Unaandika amri moja, inasoma namba za daftari tulizoziingiza. Unaandika nyingine, inazipanga na kuzichora. Mara ya kwanza nilisahau kufunga mabano, ikanigombeza kwa maandishi mekundu. Nilipoyafunga, kaka, nywele zilinisimama. Kila kamba niliyoikata kwa mikono hii imekuwa nukta, na nukta zote zimepanda mstari mmoja ulionyooka, kama watoto wanaoingia darasani. Miwani akaniambia kamba zilizosukwa vizuri ndivyo zinavyokatika: nyingi karibu na katikati, chache huku na kule, na mchoro huu umetengenezwa ili mpangilio huo uonekane kama mstari. Na hakuna aliyeziamuru zikatike hivyo!

Tukachora mzigo wa Alhamisi. Nukta chache zikapanda mstari, zilizobaki zikasimama wima mahali pamoja kama nguzo. Miwani akashangaa, akasema mashine ya kuvuta imekwama kwenye kilo zilezile, ifunguliwe.

Ningeweza kunyamaza, mashine haina mdomo wa kujitetea. Lakini haikukwama, kaka. Alhamisi ile nilipigiwa simu kwamba mtoto anachemka kwa homa, nami nilikuwa nimevuta kamba kumi tu. Ishirini zilizobaki nilizibuni. Niliandika namba zinazofananafanana, nikakimbia. Nilijua wewe unapaka rangi maghorofa ukining'inia kwa kamba kama hizi hizi, na bado niliandika. Nilidhani namba ni namba, nani atajua? Mchoro umejua. Nikaanza kulia, nikamwambia Miwani yote.

Hakunifokea. Alivua miwani zote mbili, akafuta macho, akasema twende tukazivute. Tukazivuta moja moja. Mbili zilikatika kabla ya kufika hata nusu ya kilo zinazotakiwa. Nilipoandika ile amri tena, nukta zile mbili zilikaa kando, mbali kabisa na mstari. Nikakuwaza wewe ukining'inia.

Mzigo wote umezuiwa. Jumatatu meneja ataamua kama nabaki kazini. Miwani ameahidi kunisemea, nami nina tumaini.

Mtoto amepona, na shemeji yako anakusalimu sana. Nisamehe, kaka. Kabla hujapanda tena, kata kipande kwenye ncha ya kila kamba yako uniletee. Nitavivuta vyote, sitaruka hata kimoja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama Meno Manne